Serotonini na Kamba Mwenye Wasiwasi

Wauzaji wa virutubisho wameibatiza serotonini "kemikali ya furaha". Jina tamu, ila kwa wanyama wengi kazi yake haifanani nalo.

Mchukue kamba mwekundu wa mtoni, Procambarus clarkii, mzaliwa wa Marekani aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Mwaka 2014 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walimtia kwenye chombo cha maji chenye umbo la msalaba: njia mbili zina mwanga, mbili zina giza. Kamba aliyetulia alizunguka kote. Aliyetoka kusumbuliwa kwa umeme alijibanza gizani, ingawa umeme ulishazimwa. Hapo ndipo wasiwasi unapotengana na woga, maana kitisho chenyewe hakipo tena. Serotonini ubongoni mwake ilikuwa imepanda. Hata kamba ambaye hakusumbuliwa, alipodungwa serotonini, aliukwepa mwanga. Akipewa dawa ya kutuliza, ya ukoo mmoja na Valium, alirudia matembezi yake.

Kwa nini mwili ujitese hivyo? Jibu naliona kwa Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva kama 20,000 tu, aliyemsaidia Eric Kandel kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Konokono huyo akipigwa shoti mkiani, serotonini humwagwa kwenye neva zake za hisia. Njia za kutolea potasiamu hujifunga, ishara ya neva hurefuka, na kuanzia hapo mguso mdogo tu humfanya avute matamvua yake kwa nguvu. Shoti moja hukumbukwa kwa dakika chache. Zikirudiwa kwa kupishana, jeni huamshwa, protini mpya hutengenezwa na neva huota viunganisho vipya. Kumbukumbu hiyo hudumu kwa siku nyingi. Serotonini, basi, humwambia mnyama: hili usilisahau.

Kwa panya mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa serotonini ina vipokezi vya aina nyingi, vingine vikivutana. Panya wasio na kipokezi kiitwacho 1A huwa na wasiwasi mwingi. Mwaka 2002 maabara ya René Hen, New York, ilionyesha kwamba wakirudishiwa kipokezi hicho kwenye ubongo wa mbele wangali wachanga, wasiwasi hupungua. Kikizimwa ukubwani, panya haoneshi tofauti.