Mali ya Marehemu: Kabla Hujaigusa

Matanga yakiisha, simu ya marehemu huwa bado ina chaji. Kuna mtu katika familia anayeijua namba ya siri, na ndani ya M-Pesa mna akiba. Mpangaji wa nyumba ya nyuma naye amekuja kuuliza kodi ya mwezi huu ampe nani. Ada ya kitinda mimba imefika. Basi pesa zinatolewa, kodi inapokelewa, gari linapewa mwenye leseni, na hakuna anayenung'unika kwa kuwa kila mmoja anaona ni mali ya nyumbani. Aliyefanya hivyo kwa nia njema kabisa anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai.

Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema hivyo waziwazi katika kifungu cha 45. Mtu yeyote asiye na idhini ya sheria au hati ya mahakama haruhusiwi kuichukua mali ya marehemu, kuiuza wala kuiingilia kwa namna yoyote. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Juu ya hayo, atawajibika kwa msimamizi halali kwa kiasi cha mali aliyoigusa. Faini hiyo ni ndogo kwa viwango vya leo, lakini rekodi ya jinai si ndogo hata kidogo kwa mtu mwenye ombi la uraia au la viza mezani. Ndiyo maana sisi tunaoishi Uingereza tunapaswa kukijua kifungu hiki kuliko hata ndugu zetu waliobaki nyumbani.

Na huku tuliko, sheria haiachi mlango wazi. Wengi wetu tumewahi kupewa hati ya uwakili na mzazi mgonjwa ili tumlipie bili na kumsimamia benki. Hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Saa ile mzazi anapofariki, mamlaka yako yamekwisha, na kuendelea kutoa pesa kwa kadi ya mama kunaweza kukufikisha kwenye mashtaka ya wizi au ya udanganyifu. Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006 inamlenga pia anayetumia vibaya nafasi ya kuaminiwa akiwa bado anamsimamia mtu aliye hai. Benki za huku zina utaratibu wa kulipia gharama za mazishi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya marehemu, ukipeleka cheti cha kifo na ankara ya mazishi. Tumia njia hiyo.

Jambo linalotuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni ardhi. Mtu aliyeko Leicester au Reading anatumiwa picha za shamba: bei nzuri, barabara ipo, mwenyewe amefariki na watoto wake wanauza kwa haraka. Anatuma pesa. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya kinakataza kuuzwa kwa ardhi au nyumba ya marehemu kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho hungoja miezi sita tangu hati itolewe. Watoto kukubaliana wote, hata mbele ya chifu, hakutoshi. Barua ya chifu husaidia kuitambulisha familia mahakamani. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza.

Wala usijifariji kwamba ulinunua bila kujua na hati miliki unayo mkononi. Mnamo 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali ambacho mmiliki wake wa kwanza alikuwa rais wa zamani Daniel arap Moi. Kampuni ilinunua, ikalipa, ikapata hati. Mahakama ikaona kwamba ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, kwa hiyo kilichojengwa juu yake hakikuweza kusimama. Haikuwa kesi ya mirathi, lakini somo lake linamhusu kila anayenunua akiwa mbali: uliza hati ilitoka wapi, sio tu kama ipo. Kwa shamba la marehemu, swali la kwanza ni kuona nakala ya hati ya usimamizi iliyothibitishwa, na namba ya kesi ya mirathi ili wakili wako akaikague faili.

Sasa wosia. Uingereza na Wales bado zinafuata Sheria ya Wosia ya mwaka 1837: wosia uwe wa maandishi, uwe na saini yako, na mashahidi wawili wawepo pamoja unapotia saini, kisha nao watie zao. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake. Akiwa hivyo, wosia unabaki halali lakini yeye anakosa fungu lake. Ruhusa ya kushuhudia kwa video, iliyotolewa wakati wa Korona, ilikwisha mwishoni mwa Januari 2024. Kenya nayo inataka mashahidi wawili kwa wosia wa maandishi. Inatambua pia wosia wa mdomo, lakini tu ikiwa aliyeusema amefariki ndani ya miezi mitatu.

Kwa nini sheria inawang'ang'ania mashahidi hivi? Anayetaka jibu aisome kesi ya daktari Harold Shipman wa mji wa Hyde, karibu na Manchester. Juni 1998 alifariki mgonjwa wake Kathleen Grundy, mwanamke wa miaka 81 aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Ukaibuka wosia uliopigwa chapa ukimwachia daktari mali yote. Waliotia saini kama mashahidi walikuwa wagonjwa wawili waliokuwa wakingoja zamu zao kliniki, wakaombwa kuweka majina yao kwenye karatasi wasiyojua ina nini. Binti wa marehemu alikuwa mwanasheria. Aliutazama waraka, akaona si kazi ya mama yake, akaenda polisi. Mashine iliyoupiga chapa ilikuwa ya daktari. Tarehe 31 Januari 2000 Shipman alihukumiwa kwa mauaji ya wagonjwa 15 na kwa kughushi wosia huo. Ukiombwa kuwa shahidi baada ya swala, baada ya ibada au kwenye mkutano wa jumuiya, keti, mtazame mwenye wosia akitia saini kwa hiari yake, ndipo nawe utie yako.

Wosia uliouandika huku hauwi batili Kenya kwa sababu tu uliandikiwa London. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya kinaukubali ukiwa umefuata sheria ya mahali ulipotiwa saini. Hati ya mirathi iliyotolewa na mahakama ya Uingereza nayo inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Kenya ikapigwa muhuri. Hata hivyo, urithi wa ardhi iliyoko Kenya unaamuliwa kwa sheria ya Kenya. Mawakili wengi hushauri wosia mbili, mmoja kwa mali ya huku na mwingine kwa ya kule. Ushauri huo ni mzuri, mradi wosia wa pili usiwe na ile sentensi ya kawaida inayofuta wosia zote zilizotangulia.

Ndoa pia hufuta wosia, Uingereza na Kenya, isipokuwa kama wosia uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Mei 2025 Tume ya Sheria ya Uingereza na Wales ilipendekeza kanuni hiyo iondolewe, kwa sababu imewafaidi watu wanaowaoa wazee wagonjwa ili warithi.

Kuhusu nikaha nitasema bila kuficha, kwa sababu wanaoumia ni wanawake wetu. Mwaka 2020, katika kesi ya Akhter na Khan, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba nikaha iliyofungwa Uingereza bila ndoa ya kiserikali si ndoa mbele ya sheria, wala si ndoa batili ambayo mahakama ingeweza kuitolea hati. Mume akifariki bila wosia, mke wa namna hii hapati lolote moja kwa moja. Mwenye ndoa iliyosajiliwa, ikiwa marehemu ameacha watoto, huchukua vitu vya nyumbani, pauni 322,000 za kwanza, na nusu ya kinachobaki. Asiyesajiliwa hubaki na ombi mahakamani chini ya sheria ya mwaka 1975, na muda wake wa kawaida ni miezi sita tangu hati ya mirathi itolewe. Nendeni mkasajili. Mwislamu anayetaka mali yake ya huku igawiwe kwa mafungu ya dini naye hana budi kuandika wosia wenye mashahidi wawili, kwani bila huo hesabu itakayotumika ni ya Bunge la Uingereza.

Nyumbani, mirathi ya Waislamu wa Kenya hufuata sharia ya Kiislamu. Lakini tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka Pwani, kwamba watoto wa marehemu Mwislamu hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa, kwani huo ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Wanazuoni wengi hawakuridhika. Ila mwenye watoto wa namna hiyo na mali Kenya asipange kana kwamba hukumu hii haipo.

Kuna pia hukumu za mauaji. Kifungu cha 96 cha sheria ya Kenya kinamzuia mwuaji kupata sehemu ya mali ya aliyemwua, na fiqhi ya Kiislamu ina kanuni hiyohiyo. Kanuni ya Uingereza inawagusa hata walioua bila kukusudia, lakini Sheria ya mwaka 1982 humruhusu hakimu kulegeza. Sally Challen alimwua mumewe mwaka 2010 baada ya miaka mingi ya kudhibitiwa na kunyanyaswa. Hukumu yake ya mauaji ilifutwa Februari 2019, na Juni mwaka huo mahakama ikakubali kosa la kuua bila kukusudia. Mei 2020 jaji akaamua asinyimwe urithi, akisisitiza kwamba mazingira yake hayakuwa ya kawaida. Mwaka 2024 mahakama ilimwonea huruma mume aliyemsindikiza mkewe mgonjwa hadi Uswisi akajitoa uhai kwa msaada wa kliniki. Kumsaidia mtu kujiua bado ni jinai Uingereza, na adhabu yaweza kufika miaka 14. Anayetaka kulegezewa analazimika kuomba, na aliyehukumiwa hupewa miezi mitatu tu. Kwa aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, mlango huo haupo. Watoto wake hawaadhibiwi kwa ajili yake: tangu 2012 sheria humhesabu mwuaji kana kwamba alitangulia kufa, hivyo wajukuu wanaweza kurithi.

Mawili yamebaki, nayo hayafiki kwa polisi. Tangu 6 Aprili 2025, aliyeishi Uingereza miaka 10 kati ya 20 iliyopita anahesabiwa mali yake ya dunia nzima kwenye kodi ya urithi. Nyumba ya Kilifi inajumlishwa na ya Croydon, na kinachozidi pauni 325,000 hutozwa asilimia 40, ingawa anachoachiwa mke au mume kwa kawaida husamehewa, na nyumba ya kuishi inayokwenda kwa watoto ina nafuu yake. La pili ni uraia. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya kinamzuia asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99 ya kukodi. Mtoto aliyezaliwa huku na mzazi Mkenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, lakini msajili wa ardhi ataomba karatasi. Zitafuteni karatasi hizo ubalozini mzazi akiwa hai, akiwa na kitambulisho chake mkononi.