Gofu ndani ya uzio wa almasi

Maganzo, kando ya barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, ni mji wa vumbi na wanunuzi wa almasi. Chepuka hapo kuelekea Mwadui, na muda si mrefu utasimamishwa getini. Ndani ya uzio kuna hospitali, shule, uwanja wa ndege, klabu na, katika ukame huu wa Usukumani, kiwanja cha gofu.

Almasi ndiyo iliyojenga yote hayo. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua hapa mwamba wa almasi wenye ukubwa wa hekta 146 hivi. Oktoba 1947 likaibuka jiwe la waridi la karati 54.5, akamtunza Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Jiwe likaenda Uingereza, mji ukabaki hapa wilayani Kishapu.

Gofu ya nchi kavu ina ufundi wake. Viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki, kwa kukosa maji ya kunyweshea majani, vilizungushia shimo mchanga uliochanganywa na oili. Wachezaji wakishapita, mtu huburuta ubao juu ya mchanga akifuta nyayo, ili wanaofuata wakute uso laini. Aliyezoea majani ya Gymkhana Dar es Salaam hapo hujifunza upya kupima nguvu ya mkono.

Williamson alifariki 1958. Mgodi ukapita mikononi mwa kampuni ya De Beers na Serikali, ukataifishwa 1971, De Beers wakarudi 1994, kampuni ya Petra ikaingia 2009. Katika mabadiliko yote hayo, sijaona sababu ya kutosha ya kumnyima Mtanzania chumba cha kulala hapa Jumamosi, acheze, aogelee, asikie historia ya ardhi yake.

Nitaambiwa habari ya ulinzi. Ni kweli, wabeshi huvamia usiku kusaka mchanga wa almasi, na watu wameumia. Basi uzio mkali uzunguke machimbo na makinikia. Mwadui FC ilipokuwa Ligi Kuu, kuanzia 2015, mashabiki wa Simba na Yanga walifurika Mwadui Complex, na geti liliwapokea. Wageni wachache wenye fimbo za gofu, waliolipia vyumba, wanapokeleka kwa urahisi zaidi. Serikali ni mbia mgodini. Ilifikishe jambo hili mezani, na vijana wa Maganzo wawe wa kwanza kuajiriwa kuwahudumia.