Jokofu la Chanjo Linaposita Kuwaka

Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa kebo ipitayo chini ya bahari kutoka Tanga. Hata hivyo, umeme ukikatika chanjo haisubiri: nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Hapo ndipo jokofu la umeme wa jua linapofaa.

Katika mengi ya majokofu hayo, kompresa huendeshwa na mota yenye sumaku ya kudumu, iliyofungiwa pamoja na mafuta na gesi, mahali pasipofaa kuwekwa kihisi. Kidhibiti cha kielektroniki hutambua sumaku ilipo kwa kupima volteji ambayo mzunguko wake huizalisha katika koili isiyopelekewa umeme wakati huo. Mota ikisimama, volteji hiyo haipo; kidhibiti huisukuma bila kujua sumaku iko wapi, na kikishindwa hungoja kidogo, kisha hujaribu tena.

Kwa hiyo mhudumu akisikia mlio mfupi kisha kimya, asizime na kuwasha mara kwa mara. Presha ya gesi huhitaji muda kusawazika. Atazame kipimajoto. Kikikaribia 8, ahamishie chanjo kwenye sanduku baridi na kumwita fundi.