Mwani Uliopauka si Lazima Uwe na Maradhi

Mvuvi wa Matemwe hashtuki akimvua pono wa rangi ya udongo leo, na kesho akamvua mwingine wa kijani na buluu papo hapo karibu na Mnemba. Pono wengi huanza maisha yao wakiwa majike wenye rangi hafifu, na baadhi yao, wakishakua, hugeuka madume na kuvaa rangi kali. Hatujapata kusikia kwamba samaki huyo ametupwa kwa kuwa kabadilika.

Laiti utulivu huo ungalikuwapo katika mashamba ya mwani yaliyo baina ya pwani na mwamba! Kilimo hiki kilianza kibiashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na hivi leo watu zaidi ya 20,000 wa Unguja na Pemba, walio wengi wao wakiwa akina mama, hukitegemea. Lakini ni kilimo kichanga kikilinganishwa na uvuvi, na elimu yake haijatulia vichwani. Mwani unapobadilika rangi, mkulima mmoja huingiwa na hofu akang'oa kamba nzima iliyokuwa nzima kabisa. Jirani yake, akidhani ni jua tu, huuacha mwani unaooza hadi bamvua la pili, na asikute ila taitai zinazoning'inia. Wote wawili wamepoteza kazi ya wiki sita.

Ieleweke kwanza kwamba rangi peke yake haisemi kitu. Spinosum na cottonii, aina zote mbili zinazolimwa kwetu, wataalamu huzihesabu katika jamii ya mwani mwekundu, ilhali shambani huonekana za kijani, za kahawia na za zambarau. Hizo ni rangi za mbegu, kama walivyo kuku wa banda moja. Kadhalika, mwani hupauka maji yanapotoka kwa muda mrefu na jua likauchoma, au maji yanapokosa rutuba. Hapo ncha na upande ulioelekea juu huwa wa manjano au weupe-weupe, na mabadiliko huenea polepole bila mpaka ulio wazi. Ukiubinya ni mgumu, ukiukunja hukatika kwa mlio. Mwani huo haujafa, na mara nyingi hurudisha rangi yake maji yakipoa.

Maradhi yana sura nyingine. Wataalamu huyaita aisi-aisi, jina lililotoka Ufilipino, ambako yaliripotiwa mwaka 1974, kwa kuwa sehemu iliyoathirika huwa nyeupe mfano wa barafu. Weupe huo hujitokeza vipande vipande katikati ya tawi, huku pande mbili zikiwa na rangi yake ya kawaida. Kisha kipande hulainika, huteleza kama ute, na tawi zima hudondoka hata kwa wimbi dogo. Kwa hiyo ashikaye kwa vidole ndiye ajuaye, si atazamaye kwa macho. (Alama za meno ya tasi ni jambo jingine tena: ncha huwa zimekatwa, wala hakuna ulaini. Tasi hula, hauguzi.)

Chanzo chake ni mwani kudhoofika. Joto la maji likifika nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, au mvua kubwa ikipunguza chumvi ya maji, mwani huishiwa nguvu, na bakteria waliokuwamo majini siku zote hupata mwanya wa kuushambulia. Ndiyo maana cottonii, wenye bei bora kuliko mwenziwe, umekuwa ukifa katika sehemu nyingi za visiwa hivi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na akina mama wakalazimika kubaki na spinosum, unaostahimili zaidi lakini hauleti fedha.

Aonaye maradhi hana budi kuvuna mapema kilicho kizima na kukianika, kuvitoa pwani vipande vilivyooza badala ya kuviachia mkondo uvipeleke kwa jirani, na zaidi ya yote, asichukue mbegu katika kamba hiyo. Hili la mbegu ndilo linalotutia wasiwasi mkubwa, kwani mbegu hugawiwa kwa wema baina ya shamba na shamba, na kijiji na kijiji, na wema hauna karantini.

Tumesikia mara nyingi shauri la kuhamia maji ya kina, yaliyo baridi zaidi. Ni shauri jema, ila wanaolitoa wakumbuke kwamba wengi wa wakulima hawa hawajui kuogelea wala hawana vyombo.

Ombi letu kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ni dogo kuliko hilo. Kabla ya joto la Januari hadi Machi, ofisa wake ashuke Matemwe siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka, si katika ukumbi wa semina. Aje na vipande viwili vya mwani, kimoja kilichopaushwa na jua na kingine chenye aisi-aisi, awape akina mama mmoja baada ya mmoja, wavibinye.