Je, Wajua? Uhai Haung'oki Kirahisi

Je, wajua kwamba uhai umekuwapo duniani kwa angalau miaka bilioni 3.5, na haujakatika hata siku moja? Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5 hivi. Piga hesabu: zaidi ya robo tatu ya umri wake! Wewe na mwembe ulio nje ya nyumba yako ni ukoo mmoja, mkirudi nyuma vya kutosha.

Oksijeni unayoivuta sasa hivi iliwahi kuwa sumu. Miaka kama bilioni 2.4 iliyopita, vijidudu vya majini viliitoa kama taka hadi ikajaa hewani, na viumbe vingi vya wakati ule havikuistahimili. Vilivyosalia vikaigeuza chanzo cha nguvu. Wewe ni kitukuu chao!

Baridi je? Zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita barafu ilishuka hadi kwenye ikweta, ikakaa kwa zaidi ya miaka milioni 50. Uhai ukapita humo pia.

Sasa shika moyo. Miaka milioni 252 iliyopita volkano za Siberia zilitapika hadi takriban 90% ya spishi za baharini zikatoweka. Kile kimondo kilichowamaliza dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, kiliua spishi kama tatu kati ya kila nne. Kilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, kikaacha shimo la kilomita 180 huko Meksiko. Lakini ndege hawa wanaolia alfajiri dirishani kwako ni kizazi cha dinosaria. Hawakuisha wote!

Na samaki aitwaye silikanti, je, unamjua? Wataalamu walikuwa wakiona mabaki yake ya kale kwenye mawe tu, wakaamini alikwisha pamoja na dinosaria. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, msimamizi wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer aliona pezi la buluu likichomoza kwenye rundo la samaki. Akafukua, na hapo alikuwapo silikanti mzima mzima, mwenye mapezi manene kama miguu mifupi.

Ngoja, hajaisha utamu. Samaki huyu anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka 5. Na anaishi kwetu! Tangu 2003 wavuvi wa Tanzania wamemnasa mara nyingi, hasa Tanga, kwenye majarife yaliyotegwa kilindini. Leo Tanga ina Hifadhi ya Bahari inayoitwa kwa jina lake.

Unadhani bila jua hakuna maisha? Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi, kuna bakteria wasiojua mwanga kabisa. Nguvu yao inatokana na mionzi ya madini ya urani iliyomo miambani.

Chini ya Bahari ya Pasifiki wapo wengine waliotolewa kwenye matope yenye umri wa miaka milioni 101. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba waliwapa chakula, nao wakala na kuzaliana. Milioni mia moja na moja, umesoma sawasawa!

Mpenzi wa tende, hii ni yako. Kokwa ya mtende yenye miaka kama 2,000 iliyofukuliwa Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, ilipandwa mwaka 2005. Ikaota! Sasa ni mti mkubwa.

Mbegu zetu nazo zimewekewa akiba. Visiwani Svalbard, Norwei, ndani ya mlima wa baridi kali, kuna ghala lililofunguliwa 2008 lenye nafasi ya aina milioni 4.5 za mbegu. Je, wajua nani alisaidia kuingiza sanduku la kwanza? Mkenya wetu, Profesa Wangari Maathai.

Lakini kipenzi changu ni chura wa Kihansi. Mtu mzima hafiki sentimita 3, na hatagi mayai: anazaa watoto hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania, yaliyolowa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likapunguza maji, ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Heri karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaana kwenye bustani za wanyama. Korongoni yakafungwa mabomba ya kurusha manyunyu, na mwaka 2012 vyura wakarudishwa nyumbani. Spishi nzima iliyopanda ndege, ikaenda, ikarudi!

Na jua, je, halitaumaliza uhai? Linazidi kung'aa polepole, na wataalamu wanakadiria kwamba baada ya miaka bilioni 1 hivi bahari zitakauka. Bado muda upo.

Vimondo navyo vimepata mpinzani. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART kilikigonga kwa makusudi kimondo Dimorphos, chenye upana wa mita 160 hivi, kilomita milioni 11 kutoka hapa ulipo. Mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 kandokando ya kimondo kikubwa zaidi ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Hakuna kiumbe mwingine wa dunia hii aliyewahi kusogeza kimondo njiani. Ni binadamu tu!