Raskazone kwa Saa ya Bahari

Familia nyingi zinazotoka bara hupanga matembezi ya Raskazone, pwani ya Tanga, kwa saa ya ukutani: saa tatu chai, saa nne ufukweni. Zikifika zinakuta maji yamekwenda zake, mwamba na tope viko wazi, na watoto waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea wananuna. Mwenyeji wa Tanga hutazama mwezi kwanza.

Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Hilo ndilo bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa asubuhi kwenye saa nne, kisha hujaa kwenye saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, nguvu zile mbili hupingana. Hayo ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na kujaa kwake huangukia asubuhi. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni inatosha kukuongoza: bamvua huja tarehe 1 na 15, maji mafu tarehe 8 na 22, na bahari huufuata mwezi kwa kuchelewa siku moja au mbili.

Wenye watoto wadogo sana wachague maji mafu: waogelee asubuhi, wale, walale kivulini. Kwa wenye umri wa kwenda shule, mimi huchagua bamvua, kwa sababu asubuhi isiyo na maji ni asubuhi ya kutembea. Anzeni mjini mapema, kabla jua halijawa kali, mfuate Barabara ya Hospitali. Mtapita Bombo, hospitali iliyoanza enzi za Wajerumani, kisha Hoteli ya Mkonge, yenye jina la zao lililoitajirisha Tanga baada ya Richard Hindorf kuleta miche yake mwaka 1893. Kutoka katikati ya mji hadi kwenye rasi ya Raskazone ni kama kilomita 3.

Umbali huo mtoto wa miaka 8 anaumaliza bila taabu. Novemba 1914, jeshi la watu wapatao 8,000 lilishindwa kuumaliza. Waingereza walikuwa wamewaleta askari kutoka India, wengi wakiwa wamechoka kwa majuma ya kukaa melini. Tarehe 2 manowari yao iitwayo Fox ilikuja kuutaka mji usalimu amri, ikatoa muda wa saa moja, kisha ikaondoka. Wajerumani wakajua kinachokuja. Wakati Meja Jenerali Arthur Aitken anateremsha watu wake hapa Raskazone, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa analeta askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 vita viliingia hadi mitaa ya mji. Risasi zilipochokoza mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki walitoka wakauma bila kuchagua upande. Kesho yake Waingereza walipanda meli, wakiacha nyuma bunduki na risasi chungu nzima.

Mtoto atataka nyuki tu. Mpe nyuki, lakini usimwachie hapo. Mwambie kwamba jeshi lililoitwa la Wajerumani lilikuwa na askari wengi Waafrika, na kwamba mamia ya waliouawa upande wa pili wengi walikuwa Wahindi, waliotumwa kufia ufuko wasioujua kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Watoto wanaelewa jambo hili kuliko tunavyodhani, hasa wakiwa wamesimama penyewe.

Mkifika pwani maji yatakuwa chini. Wavisheni yeboyebo, maana kwenye miamba kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi, na miba yao hukatikia ndani ya nyayo. Madimbwi yaliyobaki yana kaa, konokono na majongoo bahari. Waangalie, wawaache mahali pao. Ng'ambo ya maji kinaonekana kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya wenyeji wa zamani.

Kuanzia saa nane mchana maji yanarudi kwa haraka, na hapo ndipo pa kuogelea, ndani ya eneo la klabu ya kuogelea iliyopo ufukweni, mtu mzima mmoja akiwa majini na wala si mwenye simu mkononi. Kuanzia saa kumi na moja watoeni watoto, kwani maji yanayopwa huvuta kuelekea nje. Wakati huo wa njaa, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na madafu vinafaa kuliko kitu kingine chochote. Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni yako njia tofauti kabisa, moja kaskazini na nyingine kusini. Yapangieni siku nyingine.