Mfupa wa Mbwa na Dhamana ya Machinjio

Huenda wako watakaoshangaa kuona safu hii, iliyozoea kuzungumza juu ya karafuu, mwani na wajibu wa watumishi wa umma, leo ikizungumza juu ya meno ya mbwa. Wasishangae. Msasi hamwachi mbwa wake nyumbani, na mlinzi wa ghala hukesha naye. Mnyama anayetutumikia ana haki kwetu. Tena, habari ya mfupa wake haiishii kinywani mwake; hufika hadi majumbani mwetu.

Mbwa aliyekomaa ana meno 42, awe mkubwa au mdogo. Mbwa mdogo, kwa kuwa taya lake ni fupi, meno yake husongamana na mabaki ya chakula hupata pa kujificha. Ukoga hujijenga kila siku, na usipoondolewa, baada ya siku chache hugeuka ugaga mgumu kama chokaa. Hapo fizi huvimba, hutoka damu, hurudi nyuma, na mwisho jino hung'oka. Mbwa anayelishwa ugali na makombo laini mwaka mzima hana kitu cha kumsugulia meno.

Mfupa mbichi wenye nyama huifanya kazi hiyo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wataalamu wa Brazil waliowapa mbwa wa kizazi cha Beagle mifupa mibichi ya ng'ombe watafune. Katika muda usiofika wiki tatu, ugaga ulipungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo tusitie chumvi. Mwaka 1999 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 29 ya mbwa mwitu wa Afrika, wanyama ambao maisha yao yote ni nyama mbichi na mifupa. Walikutwa na meno yaliyolika, meno yaliyovunjika, na maradhi ya fizi pia. Basi mfupa ni msaada. Si dawa ya kila kitu.

Kwa hiyo, anayetoa mfupa na achague. Mfupa uliopikwa usitolewe kabisa, kwani hupasuka vipande vikali vinavyochoma koo na utumbo. Fupa gumu la paja la ng'ombe nalo huvunja magego. Wahenga waliuliza: mfupa uliomshinda fisi, mbwa atauweza? Ulio bora kwa mbwa mdogo ni ule laini wenye nyama, mfano ubavu wa mbuzi, mrefu kuliko kinywa chake ili atafune asimeze mzima. Asimamiwe anapokula, na kinachobaki kiondolewe, kwani nyama mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha. Chombo chake kitengwe na mikono ioshwe kwa sabuni. Kwetu hili si geni: tangu chuoni tulifundishwa kwamba chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Mfupa ni jambo moja, na matumbo ni jambo jingine. Iko tegu ndogo mno, ya urefu wa milimita chache tu, inayoishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakaangukia majani, maji na mikono ya watoto. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au binadamu akiyameza, hufanyika vifuko vya maji katika ini au mapafu, ambavyo hukua polepole kwa miaka mingi na huweza kuua. Mbwa naye huipata tegu hiyo kwa kula maini na mapafu mabichi yenye vifuko hivyo. Maradhi haya yamewatesa sana wafugaji wa Turkana, nchini Kenya.

Visiwa vimewahi kuyashinda. Huko Iceland, mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alifika mwaka 1863 kuyachunguza. Mwaka uliofuata kijitabu cha mafundisho kiligawiwa kwa wananchi, na mwaka 1869 ikatungwa sheria ya kuwatibu mbwa na kuteketeza viungo vyenye vifuko. Ilihitaji subira ya miongo mingi, lakini maradhi yaling'oka. Walioyang'oa hawakuwa madaktari peke yao. Ni kila nyumba iliyokataa kumtupia mbwa maini mabovu.

Nasi hatuna sababu ya kungoja mpaka tuuguliwe. Mifugo huvuka bahari kuja kwetu, na kila Idi Kubwa kuchinja hufanyika katika nyua zetu. Mwananchi achimbe shimo refu, azike viungo vibovu, wala asimpe mbwa matumbo mabichi. Mbwa wake apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa bwana mifugo. Lakini mwananchi peke yake hatoshi. Machinjio yasiyo na ua ni uzembe wa viongozi, si kosa la mbwa. Masheha wayakague, halmashauri ziyawekee ua na mashimo, na mabwana mifugo wawe mahali pa kazi siku za kuchinja.

Tukifanya hivyo, mbwa atapata mfupa wake na meno yake yatakuwa safi. Tusipofanya, tutakuwa tumemsafisha mbwa meno na kuwatia watoto wetu maradhi.